Shinnok Hapimwi kwa Misuli

Hoja ya mkosoaji mmoja iliyochapishwa kwamba Shinnok, mungu aliyeanguka katika mfululizo wa michezo ya video ya Mortal Kombat, ni mwovu asiye na uzito kwa kuwa hana misuli wala kishindo cha Shao Kahn, mbabe wa vita wa mfululizo huo, inampima mungu kwa kipimo cha mbabe wa vita. Shinnok alikuwa mmoja wa Miungu Wazee, yaani miongoni mwa mamlaka kuu katika hadithi hiyo, akaasi, akashindwa na Raiden, mungu wa radi, kisha akafungwa Netherrealm, ambayo ndiyo kuzimu ya mchezo. Kupungukiwa kwake, basi, ndiyo habari yenyewe ya anguko lake.

Katika Mortal Kombat 4 ya mwaka 1997, ambamo yeye ndiye bosi, yaani mpinzani wa mwisho, mbinu zake maalumu ni za kuiga zile za wapiganaji wengine, jambo ambalo mkosoaji analiita uvivu wa watunzi, ingawa hakuna namna bora ya kumwonyesha mchezaji, pigo kwa pigo, mtawala aliyebaki na nguvu za kuazima. Hata talasimu anayoitegemea, kama mwisho wa hadithi ya mchawi Quan Chi unavyofichua, ni bandia.

Kosa halisi lilikuja katika Mortal Kombat X ya mwaka 2015, ambapo Shinnok anageuzwa dubwana katika pambano la mwisho: hapo ndipo alipopewa ukubwa uleule ambao mkosoaji anaudai, na hapo ndipo alipofanana na madubwana wengine wote.