Vyuo Vikuu Vinamwandalia Nani Mrushaji Mpira?

Mwaka 2004 kijana mmoja wa Waipahu, katika kisiwa cha Oahu, alihitimisha mchezo wake katika Chuo Kikuu cha Hawaii akiwa amerusha mpira jumla ya yadi 17,072. Hapakuwa na mchezaji wa chuo kikuu chochote cha daraja la juu Marekani aliyewahi kufikia kiasi hicho. Jina lake ni Timmy Chang. Mwaka uliofuata klabu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani wa kulipwa, zilikaa kama ilivyo desturi yao kuchagua vijana wapya. Duru saba zikapita, na jina lake halikutajwa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, inafaa tueleze kwamba huyu mrushaji, waitwaye kwao kwotabeki, ndiye kiongozi wa ushambuliaji. Mpira huanzia mikononi mwake, naye ana sekunde tatu hivi za kuamua aurushe wapi kabla hajaangushwa chini na watu wenye miili ya kutisha. Hakuna kazi ya mchezo inayodai mafunzo mengi zaidi ya hiyo.

Baada ya Chang alikuja Colt Brennan. Katika msimu wa 2006 alirusha pasi 58 za mabao, rekodi iliyosimama hadi 2019. Mwaka 2007 timu hiyo ya visiwani ilishinda mechi zake zote 12 za kawaida, na Honolulu nzima ikawa ya sherehe. Klabu ya Washington ilimchukua mwaka 2008 katika duru ya sita. Hakucheza hata mechi moja ya ligi.

Haitakuwa haki kuitwika Hawaii lawama peke yake. Andre Ware wa Chuo Kikuu cha Houston alitunukiwa nishani ya Heisman mwaka 1989, yaani mchezaji bora wa vyuo vyote, lakini katika NFL alianza mechi sita tu. B. J. Symons wa Texas Tech alirusha yadi 5,833 katika msimu mmoja wa 2003, na jina lake leo linakumbukwa na wapenda takwimu tu.

Sababu haijifichi. Mwalimu wa timu ya chuo huajiriwa ili ashinde Jumamosi. Mwaka 2023 Texas A&M ilimwondoa mwalimu wake kazini, hali mkataba unaidai zaidi ya dola milioni 75, kwa kuwa ushindi haukutosha. Hatujasikia mwalimu aliyefukuzwa kwa sababu wanafunzi wake walishindwa kazi baada ya kutoka chuoni. Basi mwenye akili hutunga mchezo mwepesi: kijana asimame yadi tano nyuma, aangalie benchi aonyeshwe ishara, arushe haraka pale alipoambiwa. Uwanja wenyewe humsaidia, kwani alama za kati katika vyuo zimeachana futi 40, na katika NFL futi 18 na inchi 6 tu. Chuoni, mpira ukianzia pembeni, upande wa pili hubaki uwazi kama ufuko wakati wa maji kupwa. Akifika kwenye mpira wa kulipwa uwazi ule haupo tena, na maneno marefu ya kila mpango lazima ayahifadhi na kuwatangazia wenzake kumi mwenyewe.

Tena kanuni za vyuo zinaruhusu mazoezi ya saa 20 kwa wiki. Kanuni hiyo tunaiunga mkono, maana huyu ni mwanafunzi. Ila saa hizo chache zikitumika zote kwa ajili ya mpinzani wa wiki ijayo, fani yenyewe itafundishwa lini?

Wako watakaotutajia Patrick Mahomes, aliyetoka Texas Tech ile ile. Ni kweli, na mfano huo unatusaidia. Kansas City ilimchagua mwaka 2017, ikamweka karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith ajifunze. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi. Jared Goff wa California, kinyume chake, alitiwa uwanjani mwaka 2016 akapoteza mechi zote saba alizoanza. Mwaka 2017 akaja mwalimu mwingine, na mkono ule ule ukaanza kushinda.

Kwa hiyo wenye klabu nao hawana udhuru. Ligi yao inakataa kijana yeyote ambaye haijapita miaka mitatu tangu amalize skuli ya sekondari. Haina skuli yake ya kumlea, na ile ligi ya Ulaya iliyokuwa ikiwanoa warushaji wachanga, akiwamo Chang mwenyewe, iliifunga mwaka 2007. Inawalazimisha vijana wapite vyuoni bila kulipia mafunzo, kisha inanung'unika kwamba hawakufundishwa.

Tangu 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha ni haki yao, wala hatuwaonei wivu. Lakini sasa kijana anaweza kuhama chuo kila mwaka akifuata malipo, na kila ahamapo anaanza lugha mpya kwa mwalimu mpya.

Chang alirudi Hawaii mwaka 2022 akiwa mwalimu mkuu wa timu hiyo. Wakuu wa chuo kile, ambacho ni mali ya umma wa jimbo, tungewashauri mkataba wa mwalimu usipimwe kwa ushindi tu. Uandikwe pia ni wangapi waliopata shahada, na kwamba kila mrushaji atatengewa sehemu ya zile saa 20 ajifunze kuisoma ngome ya ulinzi kwa macho yake mwenyewe, bila kugeukia benchi. Na gharama ya sehemu hiyo ya mafunzo ilipwe na NFL.