Mashine Tatu Ndogo, Siyo Moja Kubwa

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee kuhusu mahali pa kuweka mafaili yetu. Najua haina utamu wa mpira. Lakini hapa Nakivale kikundi chetu kina rekodi za sauti za wazee, kazi za wanafunzi wa kompyuta, na picha za vyeti ambavyo vyenyewe vilibaki nyumbani wakati watu wanakimbia. Hizi zikipotea, hakuna ofisi ya kwenda kuomba nyingine.

Tunaotumia kontena tunaijua shida. Programu inakaa ndani ya kontena, na K3s, ile Kubernetes nyepesi, inaweza kuizima na kuiwasha kwenye mashine nyingine saa yoyote. Ukiweka picha ndani ya kontena, siku kontena likifa picha nayo imekwenda. Ndiyo maana picha zinakaa pembeni, kwenye hifadhi ambayo programu inaiomba kwa mtandao: weka hii kwenye ndoo ile, nipe ile ya jana. Lugha ya maombi hayo ni S3, Amazon waliileta mwaka 2006, na leo hifadhi nyingi zinaielewa.

Eti kwa nini tusiwalipe tu Amazon? Kwa kadi ya benki ya nani? Bili inakuja kila mwezi kwa dola, na mradi ukiisha bili haiishi. Halafu mtu aliyekimbia ana haki ya kujua karatasi zake zinalala wapi. Basi tuwe na yetu. Ubishi ni ipi.

Wengi wanataja MinIO kwa sababu ndiyo iko kwenye masomo mengi ya mtandaoni. Ilikuwa rahisi kweli. Lakini mwaka 2021 ilitoka leseni ya Apache ikaenda AGPL, mwaka 2025 wakaondoa sehemu za usimamizi kwenye ukurasa wa toleo la bure, na kabla mwaka haujaisha wakaacha kutoa imeji za kontena za toleo hilo. Siwalaumu, kampuni ina mishahara ya kulipa. Ila mtu anayeanza leo asianzie pale.

Wengine, hasa waliomaliza kozi kubwakubwa, wanataka Ceph juu ya Rook. Ceph ni dume, hata CERN wanaitumia. Sasa angalia: kila diski inahudumiwa na programu yake, na kila programu kwa kawaida imepangiwa kumbukumbu ya GB 4. Kompyuta zetu nyingi zina hizo GB 4 peke yake, kwa kila kitu.

Na kumbukumbu siyo shida kubwa kuliko zote. Shida ni watu. Yule anayeijua Ceph leo, kesho jina lake linatoka, anaondoka kwenda nchi ya tatu. Tunamsindikiza, tunapiga picha, tunafurahi naye kabisa, na maarifa yote yanapanda ndege pamoja naye. Mfumo unaomtegemea fundi mmoja mwenye akili nyingi haufai mahali ambapo watu wanahama. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza, kasi na ukubwa vije baadaye.

Ndiyo maana nachagua Garage. Imetengenezwa na Deuxfleurs, chama cha Ufaransa, kwa ajili ya mashine za kawaida zilizotawanyika kwenye majengo tofauti. Inatosheka na kumbukumbu ya GB 1, na inakubali hata Raspberry Pi. Unaweka moja kituo cha vijana, moja shuleni, moja kanisani penye sola. Kila faili linakaa kote tatu. Batri ya shule ikiisha usiku, mbili zilizobaki zinaendelea kusoma na kuandika. Zikizima mbili, hapo kazi inasimama mpaka moja irudi.

Ina gharama zake. Diski tatu za TB 2 zinakupa TB 2, siyo 6. Waundaji wanapendekeza mtandao wa Mbps 50 kati ya mashine, na ucheleweshaji usiozidi milisekunde 200, kwa hiyo kifurushi cha simu hakitoshi. Tunahitaji antena kati ya majengo. Mtu akifuta picha, imefutwa kote tatu, basi lazima diski ya akiba ya nje kila wiki, kwenye sanduku lenye kufuli. Na diski zote zifungwe kwa nywila, maana mwizi akibeba mashine amebeba vyeti vya watu.

Ndugu wa mashirika, bajeti zenu zinapenda seva moja kubwa kwa sababu inapendeza kwenye picha ya ripoti. Tuleteeni tatu ndogo, hata zilizotumika, pamoja na batri na antena. Lipieni mafunzo ya watu watano, na wasiwe wavulana peke yao.

Pendekezo langu: kabla ya kuweka cheti hata kimoja, tuzime mashine moja makusudi na kuifuta. Airudishe mtu ambaye hakushiriki kuifunga, akiwa na karatasi ya maelekezo tu mkononi, bila kumpigia simu mtu yeyote. Akikwama, tunaandika karatasi upya na kujaribu na mwingine. Anayetaka kuwa wa kwanza aandike jina hapa chini.