Kabla ya kuuza tela, hesabu safari

Jirani yangu wa Chamazi, Temeke, mkulima wa mchicha, anataka kuuza pawatila na tela lake anunue kirikuu. Simlaumu. Pawatila hutambaa, mchicha ukifika soko la Temeke Stereo jua limepanda, umenyauka na bei imeshuka. Lakini pawatila, zilizohimizwa sana na Kilimo Kwanza cha mwaka 2009, zina faida moja: ukifungua tela, injini inarudi kulima. Kirikuu hailimi. Hata ikikosa mzigo, bima na matengenezo yanadai. Ushauri wangu: kama huna mzigo wa kila siku, wakulima watatu mchangie kirikuu moja, pawatila ibaki shambani. Hesabu safari zako kwanza, ndipo uuze.