THIKA SI STEJI YA KUPITIA

Likizo ya Aprili binamu yangu alitutembelea kutoka Busia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huku kwetu. Siku ya pili, tulipomaliza kunywa chai, akaniuliza, "Haya, nionyeshe mji wenu. Hapa Thika kuna nini?"

Nilimjibu bila kufikiri. "Hakuna kitu hapa. Ni viwanda na mananasi tu. Vitu vya kuona viko Nairobi na Mombasa."

Mama alikuwa akichambua sukuma wiki za kupeleka sokoni Makongeni. Aliinua kichwa akacheka. "Huyu ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili," alimwambia binamu. "Anajua habari za Fumo Liyongo kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mji aliozaliwa haujui."

Nilinyamaza jii! Aibu ilinishika kwa sababu alisema kweli. Ndiyo maana, mpenzi msomaji, nimeshika kalamu mwaka huu. Nina jambo moja tu la kusema: ziara ya chama chetu ijayo isiwe ya Mombasa. Iwe ya hapa hapa Thika na Ruiru. Najua wengine mmeanza kuguna. Tafadhali nisikilizeni kwanza.

Kesho yake mimi na binamu tulitoka kwa miguu hadi mwisho wa mji, kwenye njia ya kwenda Murang'a. Hapo pana mito miwili, Chania na Thika, na kila mmoja una maporomoko yake. Katikati ya maporomoko hayo imejengwa hoteli ya Blue Posts, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1908. Hebu fikiria! Hoteli hiyo ilitangulia reli, kwa maana gari la moshi kutoka Nairobi lilifika Thika mwaka wa 1913, kuja kubeba mazao ya mashamba ya walowezi. Binamu alisimama akitazama maji yakianguka, kisha akaniuliza, "Na ulisema hakuna kitu?" Sikuwa na jibu.

Kuhusu jina lenyewe la Thika, kuna wanaosema linatokana na neno la Gikuyu lenye maana ya kuzika, eti watu wengi walizikwa hapa baada ya vita vya zamani. Wengine husema ni neno la Kimaasai. Mimi siwezi kuamua. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi hata kuuliza? Tunaandika "Thika" juu ya bahasha na kwenye daftari kila siku kama mtu anayeandika namba ya simu.

Halafu kuna mugumo. Wazee husimulia kwamba zamani, kabla Wazungu hawajafika, mtabiri Mugo wa Kibiro, ambaye pia huitwa Chege wa Kibiru, alitabiri kuja kwao na kuja kwa nyoka wa chuma, yaani reli. Alisema pia kwamba siku mugumo mmoja wa hapa Thika utakapoanguka, utawala wa wageni hao utakwisha. Inasimuliwa kuwa serikali ya mkoloni ilisikia habari hizo ikaogopa, ikauzungushia mti huo pete ya chuma ili usianguke. Waama, aliyetoa amri hiyo alikuwa na bunduki na jela, lakini aliogopa mti! Basi mwaka wa 1963, mwaka ule ule wa uhuru, radi ikaupiga mugumo ukaanguka. Mahali pale leo panaitwa Bustani ya Mugumo. Kuna wanafunzi wanaokaa hapo wakila njugu karanga na kungoja matatu, wasijue wameketi juu ya hadithi gani.

Ukifuata njia ya Garissa utaona Mlima wa Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, ambao ni mbuga ya taifa tangu 1967. Kwenye mlima huo amezikwa Sir Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa Juja. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alimtembelea katika shamba hilo mwaka wa 1909. McMillan alifariki mwaka wa 1925, na husimuliwa kwamba jeneza lilikuwa zito mno hata trekta ikashindwa kulifikisha kileleni, akazikwa njiani. Maktaba ya McMillan iliyoko Nairobi ilijengwa kwa kumbukumbu yake, na mwanzoni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mambo haya hayamo katika hadithi za kubuni. Ni ya mlima ambao tunauona tukiwa paredi asubuhi.

Na msidhani ndugu zetu wa Ruiru hawana lao. Mkulima yeyote wa kahawa nchini anaijua Ruiru 11. Hii ni aina ya mbuni uliotafitiwa huko Ruiru na kutolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, kwa sababu mibuni ya zamani ilikuwa ikishambuliwa na ugonjwa wa kuozesha matunda na ule wa kutu ya majani. Jina la mji wetu liko shambani mwa mtu wa Kisii na wa Meru. Lakini shangazi yangu anayeishi Ruiru anasema akifungua dirisha siku hizi haoni tena kahawa aliyoiona alipoolewa. Ameng'olewa mbuni, imechorwa ploti, pamejengwa nyumba za kupangisha. Mimi sisemi watu wasijenge, kwani watalala wapi? Nasema tu kwamba mtoto anayezaliwa Ruiru leo atakuta jina bila kahawa, na kama hakuna aliyeandika, hatajua jina hilo lilitoka wapi.

Sasa nije kwenye ziara. Mwaka jana chama chetu kilikwenda Mombasa. Waliokwenda walirudi na picha za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Tulifurahi kuziona. Lakini wengi wetu tuliziona picha tu, kwa maana pesa zilizotakiwa zilishinda wazazi wetu. Shule yetu ni ya kutwa. Wengine hapa hutembea kilomita nyingi asubuhi kwa sababu nauli ya matatu imepanda. Siku ile basi lilipoondoka, sisi tuliobaki tulipunga mikono langoni, halafu tukarudi darasani kunakili mazoezi. Sikumlaumu mtu. Nilijiuliza tu: je, chama ni cha wanaojua Kiswahili au ni cha wenye nauli?

Ziara ya Thika haitamwacha mtu langoni. Bustani ya Mugumo na maporomoko ya Chania tutafika kwa miguu. Chakula kila mmoja atabeba chake kutoka nyumbani. Kama ni lazima tupande gari, basi la kwenda Kilimambogo si sawa na la kwenda Mombasa.

Wapo watakaosema, "Lakini Kiswahili ni cha pwani. Utajifunza Kiswahili gani Thika?" Nawajibu kwamba hata hilo jina Kilimambogo ni Kiswahili kitupu, kilima cha mbogo! Tena sokoni Makongeni Mkamba humuuzia Mluhya ndizi kwa lugha gani, kama si hii yetu? Usiache mbachao kwa msala upitao. Pwani tutakwenda, Mungu akipenda, lakini twende tukiwa na la kusimulia kuhusu kwetu. Mgeni akikuuliza kwenu kuna nini, utamjibu kama nilivyomjibu binamu?

Jambo jingine ndilo linaloniuma zaidi. Kitabu kinachojulikana sana duniani kuhusu mji huu kiliandikwa kwa Kiingereza na Elspeth Huxley, binti wa walowezi, kikatolewa mwaka wa 1959. Aliishi hapa alipokuwa mtoto, akaandika aliyoyaona kwa macho yake, na hilo si kosa lake. Lakini wale waliochimba mashimo ya kahawa ya wazazi wake nao walikuwa na macho. Wajukuu wao wako katika darasa letu. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha hapa Thika shule ya wasioona, ya kwanza katika nchi yetu. Wanafunzi wake wa kwanza walisoma vipi? Waliofunga mananasi ya kwanza kwenye mikebe walilipwa nini? Bibi na babu wanaojua habari za siku hizo wanazidi kupungua kila mwaka, na hawatungoji.

Tena vitu vyenyewe havitungoji. Maporomoko kumi na manne ya Mto Athi, pale karibu na Kilimambogo, ni mazuri ajabu, lakini maji yake hubeba uchafu na taka kutoka mijini huko juu, na kuna siku yanatoa povu kama ya sabuni. Mtu hawezi kulilia kitu asichokijua. Tukiwa hatujui kwamba maporomoko hayo ni yetu, nani atapiga kelele yakifa?

Kwa hivyo napendekeza hivi. Tugawanyike vikundi. Kikundi kimoja kiende kwenye mugumo, kingine kwenye mito, kingine Ruiru kwenye kahawa, kingine kiketi na wazee. Kila kikundi kiandike kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, na gazeti letu la mwaka ujao lizichapishe. Mwalimu mlezi akikubali, nakala moja iwekwe katika maktaba ya shule. Ikifika hapo hata mtoto atakayekuja baada yetu atakuwa na la kumjibu mgeni.

Tangu barabara kuu ya njia nyingi ilipokamilika mwaka wa 2012, magari hupita Ruiru na Juja kama mshale. Makanga huita "Thika! Thika!" siku nzima mpaka sauti inamkauka. Watu hushuka, hupanda nyingine, wakaenda zao Murang'a na Garissa. Wao wana haki ya kutuona kama steji. Sisi tuliozaliwa hapa hatuna haki hiyo.

Binamu alirudi Busia na karatasi nne alizoandika kuhusu Thika. Mimi mwenyeji nilikuwa sijaandika hata moja. Hii hapa ndiyo ya kwanza.