Tamati ya 'Pumzi' na Mtihani wa Jibu Moja

Kuna mazoea yaliyoota mizizi madarasani mwetu. Hadithi ikikoma bila kutegua kitendawili chake, mwanafunzi humkimbilia mwalimu na kuuliza jibu ni lipi. Naye mwalimu, kwa kuuhofia mtihani, humtajia moja. Filamu fupi ya Pumzi, iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009, yafaa kuonyeshwa katika shule za hapa Kikambala na kwingineko ili kuyatikisa mazoea hayo.

Filamu hiyo ya dakika zipatazo 20 yabashiri Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vilivyopiganiwa maji. Watu wa jamii iitwayo Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, wanaishi katika majengo yaliyofungwa. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa. Ndoto huzimwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka na kuotesha mbegu ndani yake. Ananyimwa ruhusa ya kutoka, naye anatoroka. Huko jangwani anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho, anaukinga jua, kisha analala. Kamera inapaa juu. Pale alipolala, mti unakua.

Je, Asha amekufa? Mti ule ni wa kweli au ni ndoto?

Wanaosema ni ndoto wana hoja: mti tulikwisha kuuona usingizini mwake, na hakuna mti ukuao kwa nukta chache. Wanaosema ni kweli nao wana yao: mwishoni tunatazama kutoka juu, wala si kwa macho ya Asha. Isitoshe, mwaka uo huo Kahiu alitengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la mwaka 1977, ambaye kwake kupanda mti kulikuwa kazi ya mikono.

Sisi wa taaluma ya lugha twaanzia kwenye jina. Kwa pumzi tu hai. Aliyekata pumzi ameaga dunia. Shina lilo hilo latupa pumua na pumzika; na tukiambiwa fulani amepumzika, sharti tutazame muktadha ili tujue kama amekaa kivulini au amefariki. Jina la filamu limebeba uhai na mauti kwa pamoja. Pumzi ya mwisho ya Asha ndiyo ya kwanza ya mti.

Mwanafunzi wa Kilifi ana ushahidi mwingine karibu naye. Wagiriama humsimamishia marehemu wa chama cha Gohu kigango, yaani mti uliochongwa kwa heshima yake. Kwao, mti kusimama badala ya mtu si dalili ya kushindwa. Wala misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, isingalisalia lau wazee wasingalikataza kuikata kwa ajili ya vizazi ambavyo wao wenyewe hawangeviona.

Hatusemi kwamba kila tafsiri ni sawa. Anayedai Asha alishindwa atuonyeshe ni wapi katika filamu. Anayedai alishinda, vivyo hivyo. Basi walimu wamuulize mwanafunzi ameliona wapi, na mwongozo wa kusahihisha utoe alama kwa ushahidi. Katika Maitu ndoto zilizimwa kwa vidonge. Madarasani mwetu zinazimwa kwa majibu ya kukariri.