Kazi Iliyo Nyuma ya Redio



Juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, mpwa wangu aliegesha lori mbele ya karakana yangu, akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, redio yalia vizuri, lakini kuna harufu." Yeye ni dereva wa safari ndefu. Hupakia makontena bandarini Kilindini akayapeleka hadi Malaba, na siku nyingi huwa mbali na mkewe na wanawe. Redio ile aliinunua kwa pesa zake apate kusikiliza kisomo cha Qur'ani na mawaidha njiani, na hilo ni jambo la kheri. Lakini alipokuwa akirejea, alisimama Mackinnon Road kuswali Adhuhuri katika msikiti wa Sayyid Baghali, na aliporudi garini akakuta kebini inanuka plastiki iliyoungua.

Kwa mbele, kazi ilipendeza. Redio ilikaa sawa na taa zake zilimetameta. Nilipoichomoa ndipo nilipoona yaliyofichwa. Nyaya zilisokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu iliyokwisha kubanduka kwa joto. Fyuzi haikuwako. Waya wa umeme ulipitishwa katika tundu la chuma lenye makali, ukasuguka mpaka shaba ikaonekana. Na ili redio iingie, fundi aliikata kwa msumeno mihimili ya plastiki ya dashibodi. Lori lenyewe si la mpwa wangu. Ni la tajiri wake.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mwana au ndugu aliye dereva, basi mfikishie haya.

La kwanza ni nguvu ya umeme. Malori makubwa hutumia volti 24, zitokazo kwenye betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Redio nyingi za madukani ni za volti 12, nazo zikipewa 24 huungua. Kwa hivyo baadhi ya mafundi huvuta waya kutoka katikati ya betri mbili, wakapata volti 12 bila gharama. Redio italia, lakini betri moja ndiyo itakayobeba mzigo peke yake. Jenereta ya gari huzichaji zote mbili kwa pamoja, haitambui kwamba moja ina njaa na nyingine imeshiba. Baada ya muda ile moja hudhoofika, na nyingine huchajiwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zikaharibika. Nilipopima betri za lori lile, moja ilikuwa na volti 12.7 na mwenziwe 12.1. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 ziwe 12. Tazama fyuzi iliyo mgongoni mwa redio. Ikiwa ni ya ampea 10, chagua kifaa kinachoweza kubeba zaidi ya hizo mfululizo. Nacho kifungwe kwenye chuma, mahali penye hewa, kwani hupata joto.

La pili ni nyaya. Katika redio nyingi, wa njano ni wa umeme wa kudumu unaohifadhi kumbukumbu, mwekundu huwaka kwa ufunguo, na mweusi hufungwa kwenye mwili wa gari. Hata hivyo, usiamini rangi pekee. Soma karatasi ya redio na upime kwa mita. Nyaya za spika zisiguse mwili wa gari kamwe, hata ule wa hasi, kwani hilo huweza kuiua redio. Fyuzi iwekwe karibu na chanzo cha umeme, si karibu na redio, ili waya wote uwe katika ulinzi. Maungio yachomelewe kwa risasi na kuvikwa mrija unaosinyaa kwa joto, na kila tundu la chuma livikwe pete ya mpira.

La tatu ni nafasi. Redio ya kimo kimoja huhitaji uwazi wa takriban milimita 180 kwa 50. Ya kimo cha pili, 180 kwa 100. Pima kabla ya kununua, na upime kina pia, pamoja na nafasi ya plagi na nyaya nyuma. Ingiza kwanza fremu ya chuma, kisha kunja ndimi zake zibane kingo za dashibodi. Mgongoni tia mshikizo wa chuma, kwa maana lori hutikisika, na redio inayoning'inia kwa mbele tu hulegea. Palipo na uwazi mkubwa, nunua kibao cha kuziba. Na badala ya kukata nyaya za asili, tumia plagi ya kuunganishia, ili siku moja kila kitu kiweze kurudishwa kilivyokuwa.

Tulimaliza kazi hiyo usiku, baada ya Isha. Mpwa wangu akanisihi, "Mjomba, tusimwambie tajiri. Si imekwisha kutengenezwa?" Nikamjibu kwamba waya tumeutengeneza, lakini ile mihimili iliyokatwa bado imekatwa, na betri iliyodhoofika bado ni ya mtu. Aliyekabidhiwa gari amekabidhiwa amana, na amana haiishii pale macho yanapoishia. Akanyamaza, kisha akatoa simu.

Tajiri alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama betri zimesalimika. Mpwa wangu akamweleza ukweli, akajitolea kuilipia ile moja kidogo kidogo katika mshahara wake. Tajiri akakubali, akaongeza kwamba mara nyingine aulizwe kwanza. Alfajiri lori likaondoka, na kisomo kikisikika dirishani.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mja akifanya kazi, aifanye kwa ukamilifu. Ukamilifu huo huanzia nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mteja hatazami.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.