Shule nyumbani: 0,25 na 0,3, kubwa ni gani?

Jioni ya leo muite mtoto wako wa darasa la 7 au la 8. (Sisi wazee tulisema wa kwanza na wa pili sekondari, mpaka sheria ya masomo ya 2014 ilipoyaweka madarasa hayo ndani ya masomo ya msingi.) Mwandikie kwenye karatasi 0,25 na 0,3. Muulize: «Kubwa ni gani?» Usishangae akisema 0,25. Mwambie akupe sababu, atajibu bila wasiwasi: «Juu 25 inapita 3.»

Usimgombeze. Anafuata sheria iliyomsaidia tangu darasa la kwanza: katika namba nzima, yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. 105 inapita 98, ni kweli. Lakini ukivuka mkato kwenda kuume, sheria hiyo haifanyi kazi tena. Nafasi ya kwanza ni vipande vya kumi, ya pili vya mia, ya tatu vya elfu. 0,3 ni vipande vitatu vya kumi. 0,25 ni viwili vya kumi na nusu ya kingine. Andika 0,30 juu ya 0,25, mtoto ataona mwenyewe.

Kosa linaingia kupitia sikio. Darasani tunasoma «zéro virgule vingt-cinq», na sikio linashika ishirini na tano. Walimu, kwa mwezi mmoja hivi, wasomesheni «vipande ishirini na tano vya mia». Ni maneno marefu, yanachosha, najua. Lakini yanasema namba ni kitu gani.

Sababu nyingine ni makuta yetu. Franga ya Kongo ilipoanza tarehe 30 Juni 1998, iligawanywa katika santimu 100, na noti za santimu 1, 5, 10, 20 na 50 zilikuwapo. Bei zikapanda, santimu zikapotea. Kijana wa miaka 13 hajalipa kitu kwa santimu hata siku moja. Dola nayo tunashika ya karatasi tu. Chenji inarudi kwa franga. Mtoto wa Ufaransa anakutana na mkato kila anaponunua mkate wa euro 1,20. Wa kwetu anaukuta ubaoni tu, halafu tunasema hana akili ya hesabu!

Basi mfano tuutafute kwenye mizani na kwenye metre. Nenda naye soko la Nyawera. Akiona kikartoni kimeandikwa 3.500 FC, ni franga elfu tatu mia tano. Nukta inatenga maelfu. Akiona mizani ya umeme inaandika 3.500, hapo ni kilo tatu na nusu, kwa sababu mashine inaweka nukta pale sisi tunapoweka mkato. Tarakimu ni zilezile, maana ni mbili. Mpe telefone apige 3.500 mara 2. Atapata 7, si 7.000. Na kwa dawa ya mtoto, 2,5 ml ikisomwa 25 ml ni mara kumi ya kipimo.

Sasa ninyi wa Kamituga, Misisi na Shabunda, mnajua dhahabu inavyouzwa kidogo kidogo, chini ya gramu moja. Zamani kuna waliopima kwa njiti za kiberiti. Siku hizi mizani inaandika namba, lakini namba haimsaidii asiyejua kuisoma. Kijana mmoja ana 0,4, mwenzake ana 0,38. Mnunuzi akisema «yako ni nne, ya huyu ni thelathini na nane», nani atashtuka? Tuseme gramu ni dola 60, kwa kuhesabu tu. 0,4 inaleta 24, na 0,38 inaleta 22,80. Hapo wanafunzi wengine watabisha: tumezidisha, namba imepunguaje? Gawa 60 mara kumi, kila kipande ni 6, chukua vinne. Ndiyo hiyo 24. Na mizani yenye tarakimu moja tu baada ya mkato haiwezi kuonyesha 0,38 hata kidogo. Ulizia jambo hilo kabla hujaweka dhahabu juu yake.

Mtu aliyeeneza hesabu hii Ulaya, Simon Stevin wa Brugge, alitoa kitabu chake kidogo mwaka 1585. Aliwaandikia wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima divai na wafanya biashara. Mitihani ilikuja nyuma.

Nyumbani, metre ya fundi wa nguo inatosha. Mwambie mtoto aonyeshe kwa kidole 1,5 m, kisha 1,05 m. Mara nyingi vidole vitakwenda pahali pamoja. Mwache ahesabu sentimita mwenyewe, usimwonyeshe.

Zoezi la mwezi kwa vijana: panga kuanzia ndogo 0,7, 0,65, 1,02, 0,608. Halafu: gramu ni dola 60, una 0,35, mnunuzi anakupa dola 18. Amelipa gramu ngapi? Majibu katika toleo lijalo.